Ndege ndogo na teknolojia mpya ya anga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila baada ya miaka michache hutokea kampuni na picha nzuri iliyochorwa kwa kompyuta: ndege ndogo nyeupe, abiria wanne wanaotabasamu, jiji likimeremeta chini yao. Hapo maswali huanza kumiminika. Yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi zaidi. Mwenye haraka aruke moja kwa moja hadi swali la nauli, maana huko ndiko mengi yanakokwama.

Mnaposema "ndege ndogo" mnamaanisha zipi?

Ndege za kubeba watu kuanzia wawili hadi 19. Chini kabisa zipo za injini ya pistoni, inayofanya kazi kama ya gari, mfano Cessna 172 iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955 na ambayo zimeshaundwa zaidi ya 44,000. Katikati zipo za injini ya tabaini, yaani gurudumu la mapanga linalosukumwa na gesi ya moto, inayozungusha propela, kama Cessna Caravan na Pilatus PC-12. Juu yake zipo jeti ndogo za aina ya HondaJet na Embraer Phenom 100. Hiyo 19 haikuchaguliwa ovyo: ndege ikizidi viti hivyo, kanuni nyingi hudai awepo mhudumu wa abiria, na masharti ya kuithibitisha ndege yenyewe huwa mazito zaidi.

Kuna haja gani ya ndege ndogo ilhali kubwa zipo?

Kubwa hazifiki kila mahali. Marekani ina takriban viwanja 5,000 vilivyo wazi kwa umma, lakini vyenye safari za ratiba za mashirika ya ndege ni kama 500. Vilivyobaki vina lami, vina taa, vingine hata mafuta, ila abiria wa kawaida hana habari navyo. Anasafiri saa mbili kwa gari kwenda uwanja mkubwa, anapanga foleni, anapelekwa kwenye mji asiouhitaji ili aunganishe ndege nyingine, na jioni anafika mahali ambapo kwa mstari mnyoofu ni kilomita 400 tu.

Hata hivyo ndege ndogo si dawa ya kila safari. Penye barabara nzuri au treni ya kasi, kilomita 150 hazihitaji ndege. Ukivuka kilomita 1,000 au zaidi, jeti kubwa huishinda kwa mwendo na kwa bei. Nafasi yake ni hapo katikati, hasa panapokatizwa na maji, milima au barabara mbovu.

Wazo hili ni jipya?

La hasha. Mwaka 1978 viwanda vya Marekani viliuza ndege ndogo zaidi ya 17,000. Kufikia 1994 zilishuka hadi chini ya 1,000. Kesi za fidia zilikuwa zimewaelemea watengenezaji, kwa kuwa mtu angeweza kuwashitaki kwa ndege waliyoiuza miongo kadhaa nyuma. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuweka ukomo wa miaka 18, na viwanda vikaanza kupumua.

NASA nayo ikaingia. Mradi wa AGATE, ulioanza 1994, ulishughulikia vifaa vya ndani ya ndege. Uliofuata, SATS, ulianza 2001 na kufungwa kwa maonyesho ya hadharani mjini Danville, Virginia, mwezi Juni 2005. Pale walionyesha kwamba ndege kadhaa zinaweza kupanga foleni zenyewe kuelekea uwanja usio na mnara wala rada, mawingu yakiwa yametanda, kwa kuwasiliana na kompyuta iliyo chini. Kabla ya hapo, katika viwanja vya namna hiyo na hali ya hewa ya namna hiyo, ilikuwa ndege moja kwa wakati. Wengine wanazunguka juu wakisubiri.

Kama ilifanya kazi, mbona hatukuona teksi za anga kila mahali?

Zilijaribiwa. Eclipse Aviation ilitangaza jeti ya injini mbili kwa bei isiyofika dola milioni 1, bei iliyowashangaza wote. Injini ya kwanza haikukidhi mahitaji, ikabidi ibadilishwe na ndege ichelewe. Cheti kilipatikana 2006, lakini bei ilikuwa inapanda na ikaishia kupita mara mbili ya ile ya mwanzo. Kampuni ya DayJet ikazinunua na kuanza kuuza kiti kimoja kimoja huko Florida mwaka 2007. Mteja hakununua tiketi ya saa maalumu. Alitaja saa anayotakiwa kufika na ni muda gani yuko radhi kusubiri, na kadiri alivyokubali kulegeza muda ndivyo nauli ilivyoshuka. Programu ya kompyuta ilipanga usiku kucha ni nani aende na nani.

Kwa maoni yetu, mpango ule wa nauli ulikuwa na akili kuliko ndege yenyewe. Lakini ulihitaji ndege nyingi na mtaji mnene ili viti vijae, na mwaka 2008 mitaji ilikauka duniani kote. DayJet ilisimama Septemba, na Eclipse ikaomba ulinzi wa mufilisi Novemba. Ndege hazikuanguka, hesabu ndizo zilizoanguka.

Kwa nini nauli ya ndege ndogo iko juu hivyo?

Chukua ndege ya viti 180 yenye marubani wawili. Kila rubani anagawanywa kwa abiria 90. Sasa chukua ndege ya viti tisa: ukiweka marubani wawili, kila mmoja analipwa na abiria wasiofika watano, ukiweka mmoja, analipwa na tisa. Fanya vivyo hivyo kwa bima, matengenezo, ada za kutua, na kodi ya banda la ndege. Mafuta huwa si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani.

Halafu kuna kurudi tupu. Mteja amekodi ndege impeleke asubuhi, na hakuna mwingine anayetaka kutoka kule kuja huku. Ndege inarudi na rubani peke yake, na gharama ya kurudi anailipa yule wa asubuhi, iwe imeandikwa kwenye risiti au imefichwa ndani ya bei. Na kuna saa za kazi: ndege ya shirika kubwa inaweza kuruka saa 10 au zaidi kwa siku, ndege ndogo ya kukodi ikiruka mbili au tatu, muda uliobaki inakaa bandani huku mkopo wake ukihesabu riba.

Kwa hiyo ukikutana na mtu anayeahidi nauli sawa na ya teksi ya barabarani, usimuulize kuhusu mabawa wala betri. Muulize: viti vitupu analipia nani?

Ni teknolojia gani hasa iliyobadilisha mambo?

Kutua kwa msaada wa setilaiti. Haipigwi picha sana, lakini ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi.

Ili ndege itue mawinguni kwa usalama, uwanja ulihitaji mitambo ya redio: antena mwishoni mwa njia ya kurukia, nyingine kandoni, umeme usiokatika na mafundi wa kuipima mara kwa mara. Kila upande wa njia ulihitaji seti yake. Uwanja mdogo ungetoa wapi fedha hizo?

GPS ya kawaida haikutosha, kwa sababu makosa yake ya kimo ni makubwa kuliko ya mlalo. Mwezi Mei 2000 Marekani iliacha kupotosha mawimbi ya raia kwa makusudi, na mwaka 2003 ikaanzisha WAAS: vituo vya ardhini vinavyojua mahali vilipo kwa usahihi hupima kosa la GPS, kisha marekebisho hurushwa kwa ndege kupitia setilaiti zilizotulia juu ya ikweta. Muhimu kuliko usahihi, mfumo humwonya rubani ndani ya sekunde chache mawimbi yasipoaminika.

Matokeo yake yanaonekana hivi. Rubani yuko ndani ya wingu, kioo cheupe tupu. Kwenye skrini kuna alama mbili ndogo, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini; kazi yake ni kuzishikilia katikati. Anashuka hadi futi 200 juu ya ardhi, yaani mita kama 60. Ananyanyua macho. Akiona taa za uwanja, anatua. Asipoziona, anaongeza nguvu na kupanda tena, bila ubishi. Pale uwanjani hakuna antena hata moja. Kinachohitajika ni vipimo sahihi vya miti, nguzo na vilima vya jirani, taa, na njia yenye hali nzuri. Marekani sasa ina utaratibu wa kutua wa aina hiyo zaidi ya 4,000, nyingi kuliko zile za mitambo ya redio.

Kasoro ipo: mifumo ya kurekebisha kama WAAS ya Amerika Kaskazini, EGNOS ya Ulaya na GAGAN ya India ina mipaka yake. Nje ya maeneo hayo rubani bado anaweza kutumia setilaiti, ila kimo cha chini anachoruhusiwa kushuka huwa juu zaidi. Na mawimbi ya GPS huvurugwa kwa makusudi karibu na maeneo ya vita, kwa hiyo si busara kung'oa mitambo yote ya zamani.

ADS-B ni nini, na inanihusu vipi mimi abiria?

Rada huuliza, ndege hujibu. Kwa ADS-B ndege haisubiri kuulizwa: takriban kila sekunde inatangaza jina lake, mahali ilipo, kimo na mwendo. Marekani iliilazimisha katika sehemu kubwa ya anga yake kuanzia Januari 1, 2020. Tangu 2019 setilaiti nazo husikiliza matangazo hayo, kwa hiyo hata juu ya bahari na jangwa ndege inaweza kuonekana. Kwa abiria maana yake ni mbili: rubani wako anaweza kuwaona wengine kwenye skrini kabla hajawaona kwa macho, na ndege ikipotea, watafutaji wana mahali pa kuanzia.

Ndege zenye skrini za kisasa ni salama zaidi?

Si lazima. Tume ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ililinganisha mwaka 2010 ndege ndogo zilizoundwa kati ya 2002 na 2006, zenye skrini na zenye vipimo vya mishale vya zamani. Zile za skrini zilikuwa na ajali chache kwa jumla, lakini kiwango cha ajali za vifo kilikuwa cha juu zaidi. Sehemu ya sababu ni matumizi: ndege hizo ziliruka safari ndefu zaidi na katika hali ngumu zaidi. Nyingine ni mafunzo. Mtu anakabidhiwa chombo chenye kurasa chungu nzima na kufundishwa chache tu. Skrini ikizimika mawinguni, si kila rubani anajua ni kipi kilichobaki kinachofanya kazi.

Ni kweli kuna ndege yenye parachuti yake yenyewe?

Ni kweli. Mwaka 1985 Alan Klapmeier aligongana na ndege nyingine angani. Yeye alifanikiwa kutua; rubani wa ile nyingine alikufa. Yeye na ndugu yake Dale baadaye waliunda Cirrus SR20, iliyopata cheti 1998 ikiwa na parachuti ya kubeba ndege nzima. Kuna mpini mwekundu darini. Ukiuvuta, roketi ndogo hulipuka nyuma ya abiria na kuichomoa parachuti. Mikanda iliyofichwa chini ya ngozi ya ndege hupasua rangi ikitoka, na ndege inaning'inia. Inafika chini kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa saa, na magurudumu pamoja na viti vimeundwa kumeza kishindo. Mara ya kwanza kuokoa mtu katika dharura ya kweli ilikuwa Texas, Oktoba 2002.

Miaka ya mwanzo marubani kadhaa walikufa mpini ukiwa juu ya vichwa vyao bila kuguswa, au wakauvuta wakiwa wamechelewa. Mafunzo yalipobadilishwa ili kuuvuta kuwe wazo la kwanza badala ya la mwisho, mambo yakawa afadhali.

Rubani akizimia na yuko peke yake?

Zamani jibu lilikuwa dua. Mwaka 2020 mfumo wa Garmin unaoitwa Autoland ulipata cheti, kwanza kwenye Piper M600. Abiria anabonyeza kitufe kimoja. Ndege inatazama mafuta, upepo, milima na urefu wa njia za kurukia zilizo karibu, inachagua uwanja, inabadilisha namba ya utambulisho kuwa ya dharura, na sauti ya mashine inawaambia waongoza ndege kwamba rubani hajiwezi na ndege inakuja kutua. Inateremsha magurudumu, inatua, inafunga breki katikati ya njia na kuzima injini. Skrini muda wote humweleza abiria kinachoendelea kwa maneno ambayo hata asiyewahi kukaa mbele anayaelewa.

Injini moja inatosha?

Kwa tabaini, mamlaka nyingi zimejibu ndiyo. Ulaya ndiyo iliyosita. Iliruhusu rasmi mwaka 2017 ndege ya tabaini moja kubeba abiria wa kulipa usiku na mawinguni, kwa masharti. Injini ya PT6, inayosukuma Caravan na PC-12, iko sokoni tangu miaka ya 1960 na imejijengea jina. Isitoshe, injini mbili za pistoni haziongezi usalama moja kwa moja: moja ikifa wakati wa kuruka, ile nzima huivuta ndege upande, na rubani asiye na mazoezi ya karibuni huweza kuipindua.

Mafuta je? Nimesikia yana risasi.

Injini nyingi za pistoni bado zinatumia petroli ya ndege yenye madini ya risasi, miaka mingi baada ya magari kuyaacha. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha mafuta mbadala yasiyo na risasi kwa ndege zake za pistoni, lakini kuyafikisha viwanjani kumekuwa kwa mwendo wa polepole. Njia nyingine, na kwetu ndiyo bora kwa nchi ambako petroli ya ndege ni adimu, ni injini za dizeli kama za Diamond DA42: zinakunywa mafuta yaleyale ya jeti kubwa, zinatumia kidogo, na kwa kila injini rubani ana mpini mmoja wa nguvu badala ya mitatu.

Ndege za umeme zitakuja lini?

Zipo, ila kwa shule za urubani. Pipistrel Velis Electro yenye viti viwili ilipata cheti cha Ulaya Juni 2020. Hukaa angani kama dakika 50, ukiacha akiba. Mwezi Desemba 2019, huko Vancouver, shirika la Harbour Air lilirusha kwa dakika chache ndege ya Beaver yenye mota ya umeme. Muundo wa Beaver ni wa 1947, kwa hiyo mwili wa babu ulipewa moyo wa mjukuu.

Kikwazo ni uzito. Kilo moja ya mafuta ya jeti ina nishati ya saa za wati 12,000 hivi. Kilo ya betri nzuri, kama 250. Mota ya umeme haipotezi nishati kama injini ya mafuta, kwa hiyo punguza pengo hilo hadi theluthi. Bado ni zaidi ya mara 15. Tena mafuta hupungua njiani na ndege ikawa nyepesi, betri hutua na uzito uleule iliorukia. Kisha sheria hudai akiba, mara nyingi dakika 30 mchana na 45 ukiruka kwa kutegemea vipimo vya ndege badala ya macho. Akiba hiyo kwa ndege ya saa tano si kitu. Kwa ndege ya saa moja ni sehemu kubwa ya safari.

Na zile teksi zinazopaa wima kama helikopta?

Tunazitazama kwa tahadhari. Kupaa wima na kuelea hula umeme kwa pupa. Lilium na Volocopter, za Ujerumani, zote ziliingia katika ufilisi mwishoni mwa 2024; Volocopter ilikuwa imelenga kubeba abiria Paris wakati wa Olimpiki ya mwaka huo na haikuwahi. China ilitoa cheti Oktoba 2023 kwa EHang EH216-S, ya abiria wawili bila rubani. Marekani nayo ilitoa Oktoba 2024 kanuni za marubani wa vyombo vya aina hii. Sheria zimeanza kuwa tayari. Kinachongojewa ni chombo kitakachofanya safari 20 kwa siku, mwaka mzima, bila betri zake kuchoka mapema.

Itafika siku tupande bila rubani?

Kwa mizigo, labda mapema. Mwaka 2023 kampuni ya Reliable Robotics iliirusha Caravan huko California bila mtu ndani, ikisimamiwa na rubani aliyekaa ardhini. Kwa abiria itachukua muda mrefu zaidi. Kuruka kwenyewe mashine inaweza. Kugumu ni kuthibitisha kwamba itajua la kufanya siku ambayo mambo matatu yataharibika kwa pamoja.

Uwanja mdogo utapata wapi waongoza ndege?

Si lazima wakae pale. Tangu Aprili 2015 ndege za Örnsköldsvik, Sweden, huongozwa kutoka Sundsvall, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, kwa kamera na skrini. Kituo kimoja kinaweza kuhudumia viwanja kadhaa vyenye ndege chache.

Mvua, barafu na upepo?

Hapa teknolojia haijashinda. Ndege ndogo huruka ndani ya hali ya hewa ambayo jeti kubwa hupita juu yake. Barafu ikishika mabawa, ndege huongezeka uzito na kupoteza mnyanyuko, na vifaa vya kuiondoa vinampa rubani muda wa kutoka, si ruhusa ya kukaa humo. Anayeuza safari za ndege ndogo bila kukuambia kwamba baadhi zitaahirishwa anakuficha jambo.

Kabla sijapanda ndege ndogo ya kukodi, niulize nini?

Uliza kama kampuni ina cheti cha kubeba abiria wa kulipa. Leseni ya rubani peke yake haitoshi. Uliza marubani ni wangapi, na kama ni mmoja, kuna mfumo gani wa kumsaidia. Uliza ni nani mwenye kauli ya mwisho hali ya hewa ikichafuka, na safari ikiahirishwa fedha zako zinarudi vipi. Taja uzito wako na wa mizigo bila kupunguza kilo hata moja. Na rubani akisema leo haturuki, usimbembeleze.